Chini ya Betri

Maandiko: 2 Wafalme 22:3–13, Ezekieli 13:10–15, Walawi 6:1–7

Mliokuwa ibada ya pili Jumapili mnakumbuka mvua ilivyopiga mabati mpaka nusu ya kanisa haikusikia mwisho wa somo. Wa nyuma mlibaki kuulizana, "Amesema ni nani aliiba?" Mchungaji Kiongozi ameniomba niliandike lote, ili mtu asijazie mwenyewe. Alilisoma kabla halijachapishwa. Mama yangu na kaka yangu pia wanajua liko hapa.

Wengi wenu mnaifahamu ile Peugeot 504 nyeupe iliyokuwa ikiegeshwa kando ya tangi la maji. Ni gari la marehemu baba. Namba yake ni ile ya zamani, herufi tatu mbele na hakuna herufi nyuma, ya kabla ya KAA kuanza mwaka 1989. Vijana hamwezi kuelewa 504 ilikuwa nini nchi hii. Zile ndefu za viti vya safu tatu ndizo zilizobeba watu safari za mbali kabla ya Nissan. Safari Rally ya mwaka 1975 ilichukuliwa na 504, Ove Andersson akiwa usukani, na mwaka 1978 ikachukuliwa tena na 504 Coupé ya Jean-Pierre Nicolas. Baba alizungumza juu ya ushindi huo utadhani alikuwa ndani ya gari akisoma ramani.

Basi mwaka huu injini ikachoka. Ikawa inakula oili, moshi wa buluu nyuma, mlima kidogo tu watoto wa shule wanakupita kwa miguu. Nikaipeleka kwa fundi wa jua kali, mzee mmoja mtulivu ambaye hizi 504 amezifungua tangu zikiwa mpya. Akaniambia injini si ya kutupa. Silinda zake ni za kuchomoa na kubadilisha kama glasi kwenye kreti, kwa hiyo inafufuka. Lakini lazima itoke yote.

Sikuwahi kuona chumba cha injini kikiwa kitupu. Kwanza ilitoka betri, halafu rejeta, kabureta, mabomba, waya. Mzee alikataa nisikusanye bolti zote kwenye karai moja. Kila kitu kilichotoka, bolti zake zilienda kwenye mkebe wake, na mkebe ukaandikwa. Kila waya ilifungwa kipande cha tepu chenye jina. Kila mdomo wa bomba ulioachwa wazi ulizibwa kwa nailoni na mpira, uchafu usiingie. Nikamwambia, "Mzee, hii si itachukua siku nzima?" Akasema, "Kufungua ni rahisi, kijana. Wezi wa spea wanafungua kwa dakika kumi. Fundi utamjua siku ya kurudisha." Kisha watu wanne na cheni bloki, injini ikainuka ikiwa imelala upande vile ilivyotengenezwa, ikawekwa chini, ikafunikwa turubai.

Nikabaki naangalia shimo. Kila mahali oili iliyoshikana na vumbi la miaka arobaini, unene wa kidole. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi mbaya. Kulikuwa na sehemu moja tu iliyong'aa, safi, nyeusi, ya kupendeza: pale betri hukaa, na ukuta ulio nyuma yake.

Tukaanza kuosha. Diseli na brashi, kukwangua, halafu sabuni na maji, halafu kuacha jua lifanye kazi yake. Mchana kutwa. Na hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Chini ya ule uchafu wa oili, bati lilikuwa zima kabisa. Rangi ya kiwandani bado iko. Oili ilivuja miaka yote ikachafua, lakini ikazuia maji yasiguse chuma. Kutu inahitaji maji na hewa, na pale havikufika.

Mzee alikuwa na bisibisi ndefu, akipita anagonga kwa mpini. Bati zima lina mlio wake, kama sufuria tupu. Ngo, ngo, ngo. Alipofika pale pazuri, pale panapong'aa, mlio ukafa. Akageuza bisibisi, akasukuma kidogo. Ikaingia mpaka mpini.

Akaniuliza, "Nani alipuliza rangi hapa?"

Wapendwa, nilinyamaza. Nilijua ni nani. Mwaka 2019 rafiki yangu alikuwa anaoa, akaomba 504 imbebe bibi harusi. Nilifungua boneti nikaona chini ya betri pamevimba, rangi imebanduka, kuna unga mweupe wa asidi na kutu ya kahawia. Harusi ilikuwa kesho. Nikanunua mkebe wa rangi nyeusi ya kupuliza, nikakwangua juu juu, nikapuliza mara mbili. Pakapendeza. Wageni wakafungua boneti wakapiga picha. Tangu siku hiyo kila aliyefungua alisema, "Aki hii gari imetunzwa."

Mzee alinieleza kinachotokea chini ya rangi ya namna hiyo, na sikuhitaji digrii kuelewa. Asidi ya betri ikimwagika haiishi kwa kufunikwa. Kutu nayo ikishaanza, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inavimba na kuisukuma rangi kutoka ndani. Rangi inatatuka nyufa ambazo jicho halioni, maji yanaingia, na sasa hayatoki, kwa sababu rangi ileile inayazuia kukauka. Yaani nilikuwa nimeitengenezea kutu nyumba. Miaka yote niliyosifiwa ndiyo miaka ilikuwa inakula, na ilikuwa imetoka kwenye trei ikapanda ukutani karibu na mahali masta silinda ya breki inaposhikwa na bolti. Mafuta ya breki yenyewe ni adui wa rangi, yakidondoka yanaimenya. Mzee akaweka kidole pale: "Siku hizi bolti zikiachia, utakanyaga breki na ukuta utaenda na kanyagio. Na una watoto nyuma."

Nikauliza swali la mtu wa biashara. Bajeti yangu ilikuwa ya injini tu. "Mzee, tukirudisha injini halafu tufanye hii baadaye?" Akanitazama. "Injini ikiwa ndani, mkono wangu haufiki hapa. Tunafanya sasa ama hatufanyi."

Usiku huo sikulala, na si kwa sababu ya breki.

Sasa mnifuate kwenye 2 Wafalme 22. Yosia alianza kutawala akiwa na miaka minane, na huu ni mwaka wake wa kumi na nane, kwa hiyo ni kijana wa miaka ishirini na sita. Anamtuma Shafani mwandishi kwa kuhani mkuu Hilkia: hesabu fedha walizotoa watu, wapewe maseremala na wajenzi na waashi, hekalu litengenezwe palipobomoka. Ni mradi wa ukarabati tu. Yosia hakuwa akitafuta toba siku hiyo, alikuwa akitafuta mbao na mawe ya kuchonga. Lakini watu walipoanza kutoa vitu mahali vilipokaa miaka mingi, kitabu cha Torati kikapatikana humohumo ndani. 2 Mambo ya Nyakati 34 inasema ni wakati wakitoa zile fedha ndipo Hilkia alipokiona. Kikasomwa mbele ya mfalme, naye akararua mavazi yake.

Alikuwa na njia nyingine. Angeweza kusema, "Asante Shafani, kiweke kwenye maktaba, mafundi wanasubiri malipo." Hekalu lingepakwa, lingependeza, na hakuna ambaye angejua.

Kuna mstari katika sura hiyo ambao mimi, niliyesomea biashara, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiupita mbio. Ni wa 7. Unasema mafundi wale hawakudaiwa hesabu ya fedha walizokabidhiwa, kwa kuwa walifanya kazi kwa uaminifu. (Waweka hazina wa idara zetu, tafadhali, msiutumie mstari huu kukwepa ukaguzi wa Desemba.) Nilikuwa naupita mbio kwa sababu mimi niliwahi kukabidhiwa fedha nisidaiwe hesabu, na sikuwa mwaminifu.

Baba alifariki mwaka 2018. Kamati ya mazishi ilinichagua mimi mweka hazina, kwa kuwa nina digrii. Zilichangwa shilingi 412,300. Tulitumia 374,300. Zikabaki 38,000, na kamati ilikuwa imekubaliana kwamba kitakachobaki apewe mama, kaburi lisimentiwe. Wakati huo sikuwa na kazi, nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili na mkopo wa Sacco. Nikazitumia. Nilijiambia nitarudisha mwezi unaofuata. Kwenye ripoti nikaandika mstari mmoja: "Usafiri na matumizi mengineyo, 38,000." Nikaichapa vizuri kwenye kompyuta, nikaweka jedwali na rangi.

Siku ya kusoma hesabu, kaka yangu mkubwa aliinua mkono akauliza, "Usafiri gani huo? Si magari yalikuwa ya kupewa?" Kaka aliachia shule kidato cha pili ili karo itoshe mimi nisome. Ana duka la nafaka. Na mimi nikasimama mbele ya wazee saba, nikapandisha sauti, nikasema, "Unaniita mwizi, na baba hajaoza?" Wazee walimgeukia yeye. Wakasema ana wivu wa elimu. Kabla ya jua kutua kaka yangu aliniomba msamaha mbele ya watu, kwa kosa ambalo nilikuwa nimelitenda mimi. Kaburi alilisimenti yeye kwa pesa zake za mahindi. Na tangu siku hiyo akikutana nami haniiti jina, ananiita "Pasta" tu, na wakati huo hata sikuwa nimewekewa mikono.

Mnaelewa sasa kwa nini swali la mzee, "Nani alipuliza rangi hapa?", lilinikaa kooni?

Someni Ezekieli 13. Watu wanajenga ukuta dhaifu, na manabii wanakuja kuupaka chokaa. Hawajengi wala hawabomoi, kazi yao ni kupaka. Bwana anasema mvua itakuja, na mawe ya barafu, na upepo, na siku hiyo watu watauliza, kile mlichopaka kiko wapi? Ninachotaka mkione ni mstari wa 14. Bwana mwenyewe anasema ataubomoa ukuta mpaka msingi wake uonekane. Tumezoea kusoma hapo kama hasira peke yake. Mimi nilipokuwa nimesimama juu ya lile shimo la injini niliona pia huruma, kwa sababu kama msingi hauonekani hakuna fundi anayeweza kuugusa.

Na hili ni la kanisa letu hasa. Sisi tunaogopa watu wenye oili. Kijana anayevuja hadharani, yule dada ambaye kila mtu anajua ndoa yake ilivyokwisha, mzee anayelia madhabahuni kila wiki kwa sababu ya pombe. Hao tunawawekea mikutano. Wakati mwingine chini ya oili bati ni zima. Mimi hakuna aliyeniwekea mkutano. Nilipewa kipaza sauti.

Wengine wenu mwaka huu mmetolewa vitu. Umetolewa kazini, umetolewa kwenye uongozi wa idara, biashara imeng'olewa ikabaki nafasi tupu. Mimi sitasema kila kinachotolewa Mungu ndiye kakitoa. Kuna wezi pia, na kuna waajiri dhalimu. Lakini kama nafasi iko tupu, na umeona kitu ambacho hukuweza kukiona injini ikiwa ndani, usifanye haraka kurudisha injini. Najua hofu yake. Hela zinahitajika, watu wanauliza lini utarudi barabarani.

Mzee aliitengeneza hivi. Kwanza, pale palipomwagika asidi alimwagia magadi yaliyochanganywa na maji, povu likachemka, akasuuza, akarudia mpaka povu likakoma. Nilimwambia bati lote hilo si linakatwa tu? Akasema asidi ikibaki kwenye maungio itakula bati jipya pia. Kisha akachukua grinda akakata. Na alikata zaidi ya shimo. Nilipiga kelele, maana shimo lilikuwa la kiganja na yeye alikata kama sahani. Hakuacha mpaka ukingo wote ukawa chuma cheupe kinacholia. Weldi haishiki kwenye kutu, inachoma na kutoboa tu. Lazima ufike kwenye bati zima ndipo upate pa kushikia.

Kuna fundi kijana pale akapendekeza fila, ile ya kupaka na kusugua kwa msasa. Ingekuwa kazi ya saa moja. Mzee hakujibu, alitikisa kichwa tu. Fila juu ya tundu ni kifuniko tu, na kwenye chumba cha injini kuna joto, mtikisiko na maji. Ikipasuka inanyonya maji kama sponji.

Akakata kiraka kipya, akakikunja kikae sawasawa na umbo la zamani, akakishika kwa nukta za weldi. Nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, akingoja ipoe. Ukichomelea mstari mzima kwa mara moja bati linapinda. Halafu matundu ya zamani: ya honi iliyoondolewa, ya king'ora ambacho baba aliwahi kuweka, ya kitu ambacho hakuna aliyekumbuka. Yote akayaziba kwa weldi, maana kila tundu lisilo na kazi ni mlango wa maji. Praima siku hiyohiyo, kwa kuwa bati tupu likilala usiku mmoja kwenye unyevu linaanza kushika kutu. Gundi kwenye maungio. Rangi ikawa ya mwisho kabisa. Rangi nyeupe, ile ya gari, si nyeusi. Nilimuuliza kwa nini. "Nyeusi inaficha. Nyeupe kutu ikirudi utaiona mapema."

Mimi nilianza na Walawi 6. Aliyemdanganya mwenzake juu ya kitu alichokabidhiwa anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano, na anampa mwenyewe, siku anapoleta sadaka ya hatia. 38,000 na sehemu ya tano yake, 7,600, ni 45,600. Nilikaa nayo wiki tatu nikiipunguza kichwani. Nitoe kama sadaka ya shukrani? Nimlipie mtoto wa kaka karo bila kusema? Hiyo ni fila, wapendwa. Mnajua ni fila.

Nikaenda dukani kwa kaka siku ya Alhamisi. Nikamweleza yote, nikaweka bahasha juu ya gunia. Hakuifungua. Akauza kilo mbili za maharagwe kwa mteja, akarudi, akasema, "Mimi nilijua siku ileile. Nilidhani utakuja kabla ya arobaini." Kisha akauliza, "Mama anajua?"

Tukaenda kwa mama pamoja. Mama alinyamaza muda mrefu. Akasema zile pesa nyingi zilikuwa za wamama wa chama chake, walichanga mia mia. Alichukua bahasha, akasema atawapelekea yeye, na mimi nitaandamana naye.

Nilidhani tumemaliza. Lakini kaka tukiwa getini alisema, "Pesa ni sawa. Lakini wale wazee walinisikia nikikuomba msamaha. Wakusikie na wewe."

Hapo ndipo grinda ilipokata zaidi ya shimo langu. Nilimwomba Mchungaji Kiongozi ruhusa nisihudumu madhabahuni mpaka niende. Alinipa, na ndiyo sababu mwezi uliopita hamkuniona, sikuwa mgonjwa kama wengine walivyosema. Nilikwenda nyumbani Jumamosi, kaka akiwa amekaa kando yangu. Nikasema mbele ya wazee kwamba swali lake lilikuwa la haki na jibu langu lilikuwa la mwizi. Walikuja watano. Wawili kati ya wale saba wameshafariki, na walikwenda wakiamini kaka yangu ni mtu wa wivu. Hao siwezi kuwafikia.

Kaka bado ananiita Pasta. Lakini wiki iliyopita alipita gereji kuangalia kazi, akagonga lile bati jipya kwa kidole mara tatu, akauliza bei ya silinda. Injini bado iko chini ya turubai, tunasubiri pistoni.

Ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Kama kuna jambo la pesa, la kamati, la chama au la urithi ambalo ulilipuliza rangi, njoo, hata kama hujajua utasema nini. Kinachosemwa mle kinabaki mle. Na ukitaka mtu wa kukusindikiza kwa unayemdai msamaha, nitakusindikiza, nauli najilipia.